Mkufunzi au Dalali? Deion Sanders na Kazi ya Kufunza Chuoni

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lau wangalimjua Deion Sanders, yamkini wangaliongeza kipande cha tatu kuhusu kizuri kinachojiuza na kujitembeza kwa wakati mmoja. Bwana huyu alizaliwa mjini Fort Myers, jimbo la Florida, mwaka wa 1967. Akawa miongoni mwa mabeki hodari kabisa waliowahi kucheza kandanda ya Kimarekani, kisha, akiwa na umri wa miaka 53, akageuka kuwa kocha wa timu ya chuo kikuu. Tangu hapo mjadala kumhusu haujatulia. Kuna wanaomwita mkombozi na kuna wanaomwita mchuuzi. Katika makala haya sinuii kuamua iwapo ni mtu mwema au mbaya. Hayo nawaachia jamaa zake na Mola wake. Ninalouliza ni swali moja tu: je, amefunza?

Msomaji huenda akashangaa ni vipi swali la namna hiyo limefika katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Limefika kwa mlango wa msamiati. Kurasa za michezo za magazeti yetu ya Kiswahili humwita kocha mkufunzi, na mashabiki wa soka wa Tanzania humwita mwalimu bila kumfanyia mzaha. Mkufunzi ni neno la ukoo mmoja na mwanafunzi, na ndilo tunalolitumia kwa mtu anayefundisha katika vyuo vya walimu. Hata neno kocha, ambalo tumelikopa, halikuanzia uwanjani. Wanafunzi wa Oxford, katika miaka ya 1830, walilitwaa jina la gari la farasi wakambandika mwalimu wa faragha aliyewabeba hadi ng'ambo ya pili ya mtihani. Basi asili ya kazi hii, katika lugha yetu na katika ile tuliyoiazima, ni kufundisha. Sioni kwa nini tukubali kipimo kingine eti kwa sababu uwanja umejaa watu na runinga zimewashwa.

Mchezo wenyewe unahitaji maelezo kidogo, maana jina kandanda linapotosha. Mpira wake una umbo la yai, na aghalabu hubebwa au kurushwa kwa mkono. Mguu hutumika kwa nadra. Kila upande huingiza wachezaji 11 uwanjani, ila timu huwa na vikosi viwili tofauti, kimoja cha kushambulia na kingine cha kulinda, na kimoja hupumzika kingine kikiwa kazini. Kiongozi wa mashambulizi, ambaye ndiye arushaye mpira, huitwa kotabeki. Anayekimbia mbele ili audake ni mdakaji. Anayemwandama mdakaji huyo bega kwa bega ili asiupate ni beki wa pembeni, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Sanders. Nchini mwetu mchezo huu haujulikani sana, ingawa Mkenya Daniel Adongo, aliyekuwa mchezaji wa raga, alisajiliwa na timu ya Indianapolis Colts mwaka wa 2013.

Kuhusu uhodari wa Sanders uwanjani hapana ubishi. Alitoka Chuo Kikuu cha Florida State mwaka wa 1989 akachaguliwa wa tano na Atlanta Falcons katika uteuzi wa kila mwaka ambao timu za ligi ya NFL hugawana wachezaji wapya. Mwaka wa 1994, akiwa na San Francisco 49ers, alitawazwa mlinzi bora wa ligi na kutwaa fainali yake, Super Bowl. Msimu uliofuata alihamia Dallas Cowboys akaitwaa tena. Wakati huohuo alikuwa akicheza besiboli ya kulipwa, na mwaka wa 1992 alicheza fainali ya besiboli na Atlanta Braves. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kucheza fainali za michezo yote miwili. Kotabeki wengi waliacha kabisa kuurusha mpira upande wake, nayo ni heshima ya ajabu: mtu kusifiwa kwa mambo ambayo wapinzani hawakuthubutu kuyajaribu.

Lakini Sanders alikuwa pia mkufu wa dhahabu, miwani, majigambo na lakabu ya Prime Time. Wengi walimwona mtu wa kujikweza. Alipoingizwa katika Jumba la Mashujaa mjini Canton, Ohio, mwaka wa 2011, aliwapa jibu ambalo mimi nalikubali. Alisimulia jinsi mamake alivyofanya kazi ya usafi hospitalini, jinsi yeye mwanawe alivyoionea haya kazi hiyo, na jinsi alivyoahidi kwamba atakuwa tajiri ili mama asilazimike kuifanya tena. Yule Prime Time aliumbwa ili amtunze mama. Kwa hivyo anayetaka kumhukumu kwa kujitembeza sharti akumbuke kilichomtoa nyumbani. Taabu ni kwamba mtu aliyefaulu maishani kwa njia fulani ni nadra aiache, na Sanders aliingia na biashara yake ya jina hadi katika kazi ambayo, kwa maoni yangu, haifanyiki kwa jina.

Baadhi ya wapinzani wake hudai kwamba aliingia ukocha wa chuo bila mafunzo yoyote. Dai hili si la haki. Kwa miaka mingi kabla ya 2020 alikuwa akiwafunza vijana huko Texas, na katika shule ya Trinity Christian mjini Cedar Hill alikuwa msimamizi wa mashambulizi ya timu iliyokuwa na wanawe. Kweli, shule aliyoshiriki kuianzisha mwaka wa 2012, Prime Prep Academy, ilifungwa Januari 2015 ikiwa imeishiwa na fedha, na jambo hilo halimpambi. Kweli pia kwamba hakuwa amewahi kuwa naibu wa mtu yeyote chuoni. Hata hivyo, alikuwa na subira ya kurudi darasani: mwaka wa 2020, zaidi ya miaka 30 baada ya kuondoka Florida State, alihitimu shahada yake ya kwanza katika Chuo cha Talladega, jimbo la Alabama. Sisi tunaoishi kwa vyeti hatuwezi kulidharau hilo.

Septemba 2020 akaajiriwa na Jackson State, na hapa lazima nikae kidogo, maana bila kuijua Jackson State mtu hawezi kuuelewa ugomvi uliofuata. Hiki ni chuo cha Wamarekani weusi kilichoanzishwa mwaka wa 1877 katika jimbo la Mississippi. Mwezi wa Mei mwaka wa 1970 polisi waliyafyatulia risasi mabweni yake wakawaua vijana wawili. Ni chuo ambacho kilipata wachezaji wake bora zaidi kutokana na ubaya wa dunia: vyuo vikubwa vya kusini vilipokuwa vimewafungia milango vijana weusi, au vimeifungua kwa shingo upande, vipaji vilikwenda Jackson State. Wanne kati ya waliopita hapo, Lem Barney, Walter Payton, Jackie Slater na Robert Brazile, wamo katika Jumba la Mashujaa. Milango ile ilipofunguliwa, wale walioitwa wasiofaa jana wakawa lulu leo, na vyuo vya weusi vikabaki na majina ukutani. Haki ilipopatikana, chuo kikapoteza. Hii ni kinaya ambayo mwanafunzi yeyote wa fasihi angeitambua upesi.

Sanders alikuja akiahidi kuugeuza mkondo huo. Msimu wake wa kwanza, uliochezwa mwanzoni mwa 2021 kwa sababu ya korona, ulikuwa wa kawaida: ushindi mara 4 na kushindwa mara 3. Msimu uliofuata akashinda mara 11 na kushindwa mara 2. Wa 2022 akashinda mara 12 na kushindwa mara moja. Desemba 2021 kijana Travis Hunter, aliyehesabiwa kuwa bora kuliko wote waliokuwa wakimaliza shule ya upili mwaka huo, aliitupa ahadi aliyokuwa ameitoa kwa Florida State akaenda Jackson State. Jambo la namna hiyo halikuwa limetokea. Mifumo ya maji ya mji wa Jackson ilipoharibika Agosti 2022 na wakaazi kukosa maji safi, yeye ndiye aliyeitangazia nchi hali ya wachezaji wake. Mwaka huohuo alitangaza kwamba angetoa nusu ya mshahara wake ili majengo ya timu yamalizike. Mshahara wenyewe ulikuwa takriban dola 300,000 kwa mwaka, fedha nyingi kwetu lakini kidogo mno katika kazi ile.

Kisha, tarehe 3 Desemba 2022, usiku uleule ambao timu yake ilitwaa ubingwa wa kanda, akawaambia wanafunzi kwamba anakwenda Colorado. Mkataba wake mpya ulikuwa wa miaka mitano na dola milioni 29.5. Aliondoka na mwanawe Shedeur, aliyekuwa kotabeki wake. Hunter naye akamfuata. Vilio vilivyosikika Mississippi vilikuwa vya watu walioamini kwamba wamepewa nabii kumbe walikuwa wameazimwa.

Mimi simlaumu kwa kuondoka. Mwalimu wa chuo kidogo anayepewa nafasi katika chuo kikubwa kwa malipo mara 15 au zaidi ya yale ya kwanza huondoka, na wahadhiri wanaosoma jarida hili wanajua hivyo kuliko mimi. Lawama yangu i katika yale aliyoyafanya alipofika Colorado.

Timu ya Colorado ya 2022 ilikuwa dhaifu kupindukia: ilishinda mechi 1 na kushindwa 11. Kocha mpya alikutana na wachezaji hao kwa mara ya kwanza mbele ya kamera, akawaambia kwamba anakuja na mizigo yake mwenyewe na kwamba wengine wao wangefaa kuingia katika sajili ya uhamisho, yaani orodha ya wachezaji wanaotafuta chuo kingine. Ikawa vivyo. Makumi waliondoka, na msimu wa 2023 ukaanza na wachezaji zaidi ya 50 waliohamia kutoka vyuo vingine. Sheria zilimruhusu kocha mpya kuwaondoa watu kikosini mradi chuo kiendelee kuwalipia masomo waliotaka kubaki wakisoma. Kwa hivyo hakuvunja sheria. Lakini tuitafakari hali yenyewe. Mwalimu ameingia darasani ambamo wanafunzi wamefeli. Hajasahihisha hata insha moja. Anawaambia: ninyi nendeni, darasa langu linakuja na basi la kesho. Ikiwa mwaka unaofuata darasa hilo litapita, tutasema amefundisha nini? Na wale aliowafukuza, ambao wengi walikuwa vijana wa miaka 19 au 20 waliosajiliwa kwa ahadi za kocha aliyetangulia, walijifunza nini isipokuwa bei yao?

Sipingi kutafuta vipaji. Sisi Wakenya tumenufaika na makocha wa Marekani wenye macho marefu. Henry Rono, aliyevunja rekodi nne za dunia kwa siku 81 mwaka wa 1978, alikuwa mwanafunzi wa Washington State, na si yeye peke yake aliyefika vyuo vya kule kwa sababu kocha fulani aliyasoma majina ya Waafrika katika matokeo ya mbio. Kumleta mtu ni sehemu ya kazi. Dalali mwema humwonyesha mpangaji nyumba na kumtafutia mwenye nyumba mtu wa kuaminika, na ujira wake ni halali. Kasoro huingia pale udalali unapovaa joho la ualimu na kudai heshima zake.

Mechi ya kwanza ya Sanders huko ilikuwa ya kishindo. Septemba 2023 timu yake iliilaza TCU, iliyokuwa imefika fainali ya kitaifa msimu uliotangulia, kwa alama 45 kwa 42. Wiki kadhaa Marekani haikuzungumza jingine. Kisha mashimo yakaanza kuonekana. Mwezi wa Oktoba, wakicheza na Stanford, walikwenda mapumziko wakiongoza 29 kwa 0, wakashindwa 46 kwa 43. Mwisho wa msimu walikuwa na ushindi mara 4 na kushindwa mara 8. Mwaka wa 2024 walipanda hadi ushindi mara 9 na kushindwa mara 4, na mwaka huo ndio kilele chake. Mwezi wa Machi 2025 chuo kikampa mkataba mpya wa miaka mitano na dola milioni 54. Aprili, jezi za Shedeur na Hunter zikastaafishwa ili asizivae mtu mwingine. Ya Hunter ilistahili. Ya Shedeur, kwa mchezaji aliyekaa misimu miwili na ambaye babake ndiye kocha, ilipaswa kungoja kidogo, ikiwa si kwa sababu nyingine basi kwa sababu ya aibu. Siku chache baadaye timu za NFL zilimpita Shedeur mara nyingi hadi Cleveland Browns walipomchukua akiwa wa 144. Msimu wa 2025 ulipofika, bila vijana hao wawili, Colorado ilishinda mara 3 na kushindwa mara 9.

Nakiri kwamba mwaka huo wa 2025 haukuwa rahisi kwake. Mwezi wa Julai alitangaza kwamba alikuwa amepatikana na saratani ya kibofu na kufanyiwa upasuaji wa kukiondoa, na akarudi kazini. Kabla ya hapo, mwaka wa 2021, alikuwa amekatwa vidole viwili vya mguu wa kushoto. Anayesema kwamba mtu huyu hana moyo wa kazi hajui asemalo. Moyo anao. Lakini kuporomoka baada ya mastaa wawili kuondoka kunaonyesha kwamba chini yao hakukuwa na darasa lililokuwa likipanda. Ukichukua mikufu miwili kutoka dukani na duka likabaki tupu, hilo lilikuwa kabati la maonyesho tu.

Wapo watakaoniambia kwamba namwonea, kwamba nyakati zimebadilika. Wana hoja. Aprili 2021 wanafunzi waliruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje msimu mzima. Julai 2021 wakaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao. Juni 2025 mahakama ikaidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo vyenyewe kuwalipa, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza. Soko limeingia, na anayekataa kununua atalala njaa. Isitoshe, mabadiliko haya yana haki ndani yake, maana kwa miongo mingi makocha walikuwa huru kuhama na kulipwa mamilioni ilhali vijana waliovunjika magoti hawakuruhusiwa lolote. Nayakubali yote hayo. Hata hivyo, soko halimlazimishi mtu kuacha kufunza. Curt Cignetti, ambaye hakuwahi kucheza kwa malipo na alikaa miongo mingi akiwa naibu wa wengine, alifika Indiana akiandamana na wachezaji aliokuwa nao James Madison. Timu iliyokuwa imeshinda mara 3 na kushindwa mara 9 mwaka wa 2023 ikashinda mara 11 na kushindwa mara 2 mwaka wa 2024. Naye alinunua sokoni. Tofauti ni kwamba baadhi ya aliowaleta alikuwa amekwisha kuwafunza.

Mlinganisho unaonivutia zaidi ni wa Jim Harbaugh, kwa kuwa yeye, kama Sanders, alikuwa mchezaji wa kulipwa. Alikuwa kotabeki katika NFL kwa misimu 14. Tangu 1994 hadi 2001, angali anacheza, alikuwa naibu asiyelipwa wa babake, Jack Harbaugh, katika Chuo Kikuu cha Western Kentucky. Fikiria hali hiyo: mtu anayeonekana kwenye runinga kila Jumapili anatumia muda wake wa mapumziko kubisha milango ya nyumba za vijana ili wakubali kwenda katika chuo ambacho hakina jina. Mwaka wa 2002 chuo hicho kilitwaa ubingwa wa kitaifa wa daraja lake. Baadaye Harbaugh akaenda kukiongoza kikosi cha Chuo Kikuu cha San Diego, kidogo vilevile, akashinda mechi 29 na kushindwa 6 katika misimu mitatu.

Mwaka wa 2007 alichukua Stanford. Hapa takwimu zinafanana hadi unashangaa. Stanford ya 2006 ilikuwa imeshinda mara 1 na kushindwa mara 11, sawasawa na Colorado ya 2022. Katika msimu wake wa kwanza Harbaugh alishinda mara 4 na kushindwa mara 8, sawasawa na Sanders. Naye alikuwa na mechi yake ya kishindo, pale alipoilaza USC 24 kwa 23 wakati hakuna aliyempa nafasi hata kidogo. Baada ya hapo njia zao zinaachana. Stanford ilikwenda ushindi mara 5, kisha 8, kisha 12 na kushindwa mara moja tu mwaka wa 2010. Kotabeki wake, Andrew Luck, alifika mwaka wa 2008 akitoka shule ya upili, akakaa msimu mzima bila kucheza, akajifunza, kisha akacheza misimu mitatu na kuhitimu katika usanifu wa majengo. Harbaugh alipoondoka mapema mwaka wa 2011, naibu wake David Shaw aliirithi timu akashinda mara 11 na kushindwa mara 2 msimu uleule. Simfanyi Harbaugh kuwa malaika. Akiwa Michigan, alikoutwaa ubingwa wa kitaifa Januari 2024, alisimamishwa mara mbili katika msimu mmoja, na baadaye akaadhibiwa na chama cha michezo ya vyuo. Lakini kuhusu swali langu, kama amefunza, jibu lake limo katika yale yaliyobaki alipokwisha kuondoka.

Swali hili halitaishia kwa Sanders. Desemba 2024 Michael Vick, aliyekuwa kotabeki mashuhuri, aliajiriwa na Norfolk State, na DeSean Jackson, aliyekuwa mdakaji, akaajiriwa na Delaware State. Vyote viwili ni vyuo vya weusi. Wakuu wa vyuo wameiona njia, nayo ni njia fupi: mlete mtu mwenye jina, kamera zitakuja, na wafadhili watafuata kamera. Wanaowaajiri watu hawa wangefaa kuwauliza, kabla ya kuuliza wataleta nani, watafanya nini na wale watakaowakuta.

Maana hata kwa Sanders, ushahidi ulio bora wa kazi yake unatoka upande huo. Travis Hunter alikuwa na ndoto ya kucheza katika vikosi vyote viwili, mdakaji na beki wa pembeni kwa pamoja, jambo ambalo makocha wengi wangelikataa kwa kuhofia mwili wa kijana. Sanders, aliyewahi kulifanya jambo hilo mwenyewe, alimruhusu, akamfundisha umbeki ambao hakuna aliyeujua kumzidi. Huo ni ufunzaji halisi, ujuzi kutoka mwili mmoja hadi mwili mwingine, na sina la kuongeza ila pongezi. Lakini kule Jackson State, Sanders alipofika mwaka wa 2020, alimkuta pia T.C. Taylor. Huyu alikuwa amesoma chuoni hapo, akaichezea timu ya chuo hicho, na alikuwa tayari miongoni mwa makocha wake. Hakuwa na lakabu. Sanders hakumfukuza, alimweka akafanya naye kazi kwa misimu mitatu. Alipoondoka na mizigo yake, Taylor akaachiwa timu iliyopoteza kocha, kotabeki na staa wake kwa mkupuo mmoja. Mwaka wa 2023 alishinda mara 7 na kushindwa mara 4.

Mwaka uliofuata, tarehe 14 Desemba 2024, mambo mawili yalitokea siku moja. Jioni, mjini New York, Travis Hunter alipokea tuzo ya Heisman, anayopewa mchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani, akiwa amevaa sifa za Colorado. Mapema siku hiyo, mjini Atlanta, Jackson State ilicheza Celebration Bowl, mechi ya kilele ya vyuo vya weusi. Sanders alikuwa ameifikia mechi hiyo mara mbili, mwaka wa 2021 na 2022, akashindwa mara zote mbili. Taylor aliishinda South Carolina State kwa alama 28 kwa 7.